Jinsi ya kumfundisha Mchina neno “get” likamkaa: mwongozo kamili

Walimu wenzangu wanaofundisha Kiingereza kwa Wachina, wengine madukani Kariakoo, wengine kwenye kambi za ujenzi, wengine kwa njia ya video, wananiletea kilio kilekile. Mwanafunzi amepewa maana kumi na tano za “get”, amezikariri zote, kesho yake anaandika “He got a teacher” akitaka kusema kwamba jamaa amekuwa mwalimu. Mwalimu anarudia orodha. Mwanafunzi anakariri upya. Wiki ya tatu wote wawili wamechoka.

Nami nilifundisha kwa orodha muda mrefu, na niliona ilivyowavunja moyo watu wenye bidii kweli. Njia ninayoieleza hapa ni ya mwalimu anayejua Kiswahili na Kiingereza lakini hajui Kichina. Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani.

## Kwa nini orodha inashindwa

Mchina aliyemaliza sekondari kwao si mgeni wa Kiingereza. Katika gaokao, mtihani wao wa kuingia chuo kikuu, Kiingereza kina alama 150, sawa na hisabati na sawa na Kichina chenyewe. Kwa hiyo maneno anayo. Anajua “obtain”, “receive”, “become”, “arrive”, “persuade”. Kinachomkwamisha ni vineno vidogo ambavyo watu huvitumia kutwa nzima.

Kamusi ya simu ikiulizwa “get”, jibu la kwanza huwa 得到, dédào, yaani kupata kitu kikawa chako. Maana hiyo anaishika kwa mikono miwili, nyingine zote anazikwepa kwa maneno makubwa. Halafu dereva anamwambia “Get in, we'll get there before it gets dark”, naye anabaki amesimama. Hakuna hata “get” moja kati ya hizo tatu inayohusu kupata kitu.

Shika jambo hili moja: “get” peke yake halina maana ya kufundisha. Maana inaletwa na jirani yake wa kulia. Jirani akiwa kitu, ni habari ya kupata. Akiwa hali, ni habari ya kugeuka. Akiwa mahali au mwelekeo, ni safari. Majirani wakubwa wako watano tu, na mtu mzima anaweza kuwajua watano wakati ambapo hawezi kukumbuka maana kumi na tano.

## Vifaa

- Karatasi za manila za rangi tano. Kata kadi nane kwa kila rangi, ukubwa wa karata za kuchezea.
- Maka peni moja nyeusi.
- Kaunta buku moja ya mwanafunzi, isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote.
- Simu ya kurekodi sauti.
- Funguo, bahasha, chupa ya maji, kitambaa kikavu, na picha za vyombo vya usafiri: gari dogo, basi, bajaji, bodaboda, kivuko, ndege.
- Herufi sita za Kichina ulizozinakili kwa mkono wako: 打 dǎ, 到 dào, 了 le, 上 shàng, 下 xià, 被 bèi. Utaziandika vibaya, na mwanafunzi atakusahihisha. Mwache akusahihishe. Mtu aliyemwona mwalimu wake akihangaika na herufi moja hatafuni tena maneno yake kwa aibu.
- Muda: vipindi nane vya dakika 40, viwili kwa wiki. Usivibane katika wiki moja, hata mwanafunzi akiomba.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujafundisha

Mpe sentensi hizi kumi azitafsiri kwa Kiingereza, bila kamusi, bila kumwambia unapima neno gani. Zinakili kwenye simu yako. Kila moja nimeiwekea jibu analopaswa kulifikia mwishoni.

1. 我昨天收到了你的信息。 “I got your message yesterday.”
2. 天黑了。 “It got dark.” au “It's getting dark.”
3. 我们八点到家。 “We get home at eight.”
4. 上车吧! (dereva wa gari dogo anamwita) “Get in!”
5. 我的手机被偷了。 “My phone got stolen.”
6. 我感冒了。 “I got a cold.”
7. 他当了老师。 “He became a teacher.”
8. 我终于说服他来了。 “I finally got him to come.”
9. 我懂了。 “I get it.” au “Got it.”
10. 我要去理发。 “I'm going to get a haircut.”

Sahihisha kwa alama tatu. Tiki kwa sentensi iliyo sawa na ya kawaida. Nyota kwa iliyo sawa lakini ameikwepa “get”, kwa mfano “I received your message”. Mstari kwa iliyokosewa. Namba 7 ni mtego wa makusudi, kwa sababu hapo “get” halifai kabisa.

Kwa nini nyota? Kwa sababu mwanafunzi anayekwepa haonekani kuwa na tatizo. Kitabuni anapita, mtaani hasikii anachoambiwa. Ukihesabu makosa tu, utadhani umemaliza kazi siku ya kwanza.

Onyo: karatasi hiyo usimrudishie. Itunze, utaihitaji hatua ya mwisho.

## Hatua ya 2: Mvushe kwa daraja la “piga”

Hatua hii ni ya robo saa, lakini nimeona wanaoiruka wakirudi nyuma baadaye. Mwanafunzi wa Kichina anaamini, na ana sababu, kwamba neno moja kubeba kazi ishirini ni vurugu za Kiingereza. Akiwa na imani hiyo kila maana mpya ni mzigo.

Mwonyeshe kadi ya 打 dǎ na umuulize inavyotumika. Kumpiga mtu: 打人 dǎ rén. Kupiga simu: 打电话 dǎ diànhuà. Kupiga ngoma: 打鼓 dǎ gǔ. Kupiga chafya: 打喷嚏 dǎ pēntì. Kupiga miayo: 打哈欠 dǎ hāqian. Kupiga sindano: 打针 dǎ zhēn. Sisi na wao, lugha zisizo na undugu wowote, tunapiga simu, tunapiga ngoma na tunapiga chafya. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilimwomba mwanafunzi arudie, nikadhani nimesikia vibaya.

Kisha muulize: mtu anayejifunza Kichina, umpe orodha ya maana zote za 打, au umfundishe pamoja na neno linalofuata? Atakujibu mwenyewe. Hapo mwambie “get” ni hivyohivyo.

Dalili ya mafanikio: anaanza kukutajia mifano mingine ya 打 bila kuombwa. Mwache dakika tano, hazipotei.

## Hatua ya 3: Sauti ya mwisho

Silabi ya Kimandarini, yaani Kichina sanifu, humalizika kwa irabu, au kwa n, au ng, pamoja na ile r ya lafudhi ya Beijing. Haimaliziki kwa t. Kwa hiyo atasema “ge”, au ataongeza irabu. Sisi nasi silabi zetu nyingi ziko wazi, na tuna mtego wa ziada: tukiongeza irabu tunapata “geti”, ambalo mlinzi analifungua asubuhi. Jirekodi kwanza wewe mwenyewe.

Usianze na “get” likiwa pweke. Anza na “get up”, “get it”, “get on”. Hapo t inaruka kwenda kuanzisha silabi inayofuata, nayo ni sauti anayoiweza. Akizoea, ndipo mpe “get home” na “get sick”, ambapo ulimi unagusa ufizi na kubaki hapo bila kupasua pumzi.

Mwanafunzi aliyekulia kwenye Kikantoni, Kichina cha kusini, kama wengi wa jimbo la Guangdong, ana t ya mwisho ya namna hiyohiyo katika lugha yake. Huyo mpitishe haraka.

## Hatua ya 4: Jirani wa kwanza, kitu (kadi za njano)

Hapa ndipo anapojisikia yuko nyumbani, kwa hiyo usikae sana. Lakini mtoe kwenye 得到 umpeleke kwenye 到 peke yake. Kichina huweka 到 nyuma ya kitenzi kuonyesha kwamba juhudi imezaa: 买到 mǎidào, amenunua na kimepatikana, 收到 shōudào, kimemfikia, 找到 zhǎodào, ametafuta na ameona, 拿到 nádào, amekitia mkononi. “Get” likiwa na kitu huwabeba wote hao. Linasema kimefika, wala halijali kama kilinunuliwa, kiliokotwa au kililetwa.

Weka funguo mezani, bahasha, chupa. Mtume: “Get the keys.” Mpe bahasha: “What did you get?” Muulize alikonunua viatu: “Where did you get those shoes?” Ayajibu yote kwa “get” na “got”, asiruhusiwe “buy” wala “receive” mpaka kipindi kiishe. Kila sentensi aliyoipata iandikwe kwenye kadi ya njano.

Angalia wakati uliopita. Vitenzi vya Kichina havibadiliki umbo, kwa hiyo “Yesterday I get” itakuja tena na tena. Usimkatize katikati ya sentensi. Gonga meza mara moja kwa kidole, ajisahihishe, aendelee.

Onyo la adabu: “Get me water” ni amri. Mfundishe “Could you get me some water?” kuanzia siku hiyohiyo, kwa sababu atakayoizoea hapa ndiyo atakayokwenda kumwambia mfanyakazi mwenzake.

## Hatua ya 5: Jirani wa pili, hali (kadi za buluu)

Vipindi viwili vizima viwe vya hatua hii. Ndiyo inayobadilisha Kiingereza chake kuliko zote.

Mwalimu wa Kiswahili ana ufunguo hapa. Chukua kadi ya 了 le. Mchina akisema 我累了, wǒ lèi le, anamaanisha nimechoka. 我饱了, nimeshiba. 我懂了, nimeelewa. 天黑了, giza limeingia. Ile 了 inasema kwamba hali imegeuka, awali haikuwa hivi na sasa ni hivi. Ni kazi ileile inayofanywa na -me- yetu tunaposema nimechoka, nimelewa, nguo imelowa. Wewe na mwanafunzi mnaiona dunia kwa jicho moja. Kiingereza ndicho kinachotaka kuuliza zaidi.

Kinauliza: unazungumzia hali yenyewe, au kugeuka kwake? Chora visanduku vitatu ubaoni. Cha kwanza jua kamili. Cha pili jua linazama. Cha tatu nyota. Chini ya cha pili andika “It's getting dark”. Chini ya cha tatu andika “It's dark”. Kisha chora mshale kutoka cha kwanza hadi cha tatu na juu yake andika “It got dark”. Rudia kwa uso wa mtu: mzima, anaanza kusinzia, amechoka hoi.

Sasa chukua kitambaa. Kishike kikavu: “It's dry.” Mwagia maji kidogokidogo: “It's getting wet.” Kikiisha kulowa: “It got wet. Now it's wet.” Mpe chupa, afanye yeye na aseme yeye. Mikono ikifanya kazi, ulimi unaacha kutafsiri.

Maneno ya kuanzia: tired, hungry, angry, sick, cold, wet, old, dark, lost, ready, married. Kwa “married” kaa macho. Kichina kinasema 跟 gēn, “na”: kuoana na fulani. Kiswahili nacho kinasema kuoana na. Kwa hiyo nyote wawili mtatoa “get married with her”, na hakuna atakayesikia kosa. Ni “get married to her”.

Onyo la kwanza: nomino ya cheo haiingii hapa. “He got rich” ni sawa, kwa sababu “rich” ni hali. “He got a teacher” si kwamba amekuwa mwalimu, bali amepata mwalimu, kwa maana “a teacher” ni kitu, na jirani akiwa kitu tunarudi kwenye kadi za njano. Kazi, cheo na uhusiano vinataka “become”. Mfanye mwanafunzi ashike kadi mbili, ya njano mkono mmoja na ya buluu mwingine, wewe useme neno, yeye ainue rangi.

Onyo la pili: kineno “a”. Kichina hakina “a” wala “the”, na sisi hatuna. Mwanafunzi wangu mmoja, msimamizi wa stoo ya vigae, aliamka na mafua akamwandikia mteja: “I got cold. Today not come.” Mteja akamjibu kwamba pole, apunguze AC. Jamaa alikaa na ule ujumbe kutwa nzima akidhani amedharauliwa, mpaka jioni akanionyesha simu. Tuliandika sentensi mbili chini yake. “I got cold”: hali, buluu, mwili umeingiwa na baridi. “I got a cold”: kitu, njano, mafua yamenishika. Herufi moja imehamisha neno kutoka rangi moja kwenda nyingine. Sijapata mfano mwingine unaofundisha haraka kama huo, utumie.

Dalili ya mafanikio: akiingia darasani akitoka juani anasema mwenyewe “It's getting hot” badala ya “The weather becomes hot”.

## Hatua ya 6: Jirani wa tatu, mahali na mwelekeo (kadi za kijani)

Kichina kina viambatanishi vya mwelekeo vinavyofanana sana na hivi vya Kiingereza: 起来 qǐlái kuinuka, 进去 jìnqù kuingia, 出来 chūlái kutoka, 回来 huílái kurudi. Ukimwandikia “get up”, “get in”, “get out”, “get back” sambamba na hivyo, anashusha pumzi. Fanyeni kwa mwili, mlangoni na kwenye kiti, dakika kumi tu.

Ugumu upo kwenye vyombo vya usafiri. Kichina husema 上车 shàng chē, kupanda gari, kwa gari lolote, na 上 hiyohiyo kwa ndege na meli; kushuka ni 下 xià. Sisi tunapanda gari, tunapanda basi, tunapanda ndege, tunapanda meli, kisha vyote tunashuka. Ndiyo maana “get on the car” haimkeri mwanafunzi wala haimkeri mwalimu wake.

Mpe kipimo hiki: ukiwa ndani, unaweza kusimama ukatembea? Ukiweza, ni “get on” na “get off”: basi, treni, ndege, kivuko cha Kigamboni. Huwezi, ni “get in” na “get out of”: gari dogo, teksi, bajaji. Na kile unachokikalia kwa kutanua miguu, bodaboda, baiskeli, farasi, ni “get on”. Daladala ni basi hata ikiwa imejaa kiasi kwamba hakuna pa kuweka mguu. Tandaza picha mezani, wewe taja chombo, yeye aseme sentensi nzima.

Kisha kuna kufika. “Get to Kariakoo”, “get to the office”, lakini “get home”, “get here”, “get there” bila “to”. Wewe unaweza kulielewa hili kwa neno letu nyumbani: ile -ni imeshabeba “kwenye” ndani yake. “Home” hapa ni nyumbani, si nyumba. Kwa mwanafunzi usieleze, mrudishe kwenye sentensi namba 3, 到家 dào jiā, maneno mawili bila kitu katikati. “Get home”, maneno mawili bila kitu katikati.

Onyo: “get up” si kuzinduka usingizini. Kichina kinatenganisha 醒 xǐng, macho kufumbuka, na 起床 qǐchuáng, kutoka kitandani. Mwambie “wake up” ni ya kwanza na “get up” ni ya pili. Kiswahili chetu ndicho kinachochanganya hapa, maana tunasema kuamka kwa zote.

## Hatua ya 7: Majirani wawili wa mwisho (kadi nyekundu na nyeupe)

Nyekundu ni kitendo kilichompata mtu. Toa kadi ya 被 bèi. Kwa desturi Kichina huitumia 被 zaidi kwa mambo mabaya: kuibiwa, kupigwa, kufukuzwa. “Get” la namna hii nalo huanzia hukohuko: “got stolen”, “got hit”, “got fired”. Anza na hayo, yataingia bila kusukumwa. Yakishakaa, ongeza ya heri: “get paid”, “get invited”.

Jihadhari na kosa letu sote. Tunasema nimeibiwa simu, nao wanaweza kusema 我被偷了手机. Zote zinazaa “I was stolen my phone”, kana kwamba mwizi alimbeba mtu. Simu ndiyo iliyoibwa: “My phone got stolen” au “I got my phone stolen”.

Sentensi hiyo ya pili inafungua mlango wa kinyozi. Sisi tunasema naenda kunyoa, Mchina anasema 理发 lǐfà, na mwenye kushika mashine ni mtu mwingine kabisa. Kiingereza kinataka ijulikane nani aliyeshika: “I cut my hair” maana yake umeshika mkasi mwenyewe. Ukiwa umefanyiwa, ni “get my hair cut”. Mpe mambo yanayomhusu: kioo cha simu kilichopasuka, gari kwa fundi, kibali kinachopigwa muhuri. “Get the screen fixed. Get the permit stamped.”

Nyeupe ni mtu wa kushawishiwa: “get him to come”. Kosa ni kuacha “to”, kwa sababu Kichina husema 让他来 ràng tā lái bila kiunganishi. Linganisha na “make him come”, isiyo na “to”, ambayo ni ya kulazimisha. “Get” lina maneno mengi katikati, chai mbili tatu, mpaka mtu akubali.

## Hatua ya 8: Anazozijua tayari

Hizi usizifundishe kwa kadi, zichukue mdomoni mwake.

Vijana wa Kichina kwenye mitandao husema “get到”, neno la Kiingereza limeshonwa na 到 yao, wakimaanisha nimekupata, nimeelewa hoja yako. Nasi tunasema “umenipata?” na mtu anaitikia “nimekupata”. Kwa hiyo “I get it” na “Got it” hazihitaji kazi ya kufundisha. Mkumbushe tu kwamba “Got it” kwa bosi inatosha kama jibu la maagizo, haitoshi kwa swali linalotaka maelezo.

“I've got” ni 有 yǒu, kuwa na. “I've got two brothers” hakuna aliyewapata popote. Wamarekani wana “gotten” pia, na kwao “I've gotten a car” ni nimepata gari, “I've got a car” ni ninalo. Akifanya kazi na Wamarekani mweleze, vinginevyo liache.

Mwisho “get lost”. Kwenye kadi ya buluu ni kupotea njia. Likitamkwa kama amri ni tusi la kumfukuza mtu. Alisikie kwako kabla hajalisikia kwingine.

## Hatua ya 9: Kaunta buku

Igawe sehemu tano kwa rangi tano. Kila siku mwanafunzi aandike sentensi moja tu yenye “get” aliyoisikia au kuisoma kwa macho yake: mahali, nani alisema, jirani wa kulia ni nani. Sentensi ya kutunga haihesabiwi. Ajirekodi akiisema, airudie kesho yake, airudie baada ya siku tatu, airudie baada ya wiki.

Kwa nini moja? Kwa sababu wanafunzi hawa wamezoea kukariri maneno hamsini usiku mmoja, na kwa kukariri tu “get” litarudi kuwa orodha. Ukimkuta ameandika kumi, msifu kwa bidii, kisha umwombe achague moja na azikate tisa.

Ukurasa wa rangi moja ukibaki mtupu wiki nzima, hapo ndipo pa kufundisha tena. Mara nyingi ni nyeupe. Msikilizishe maongezi ya watu wanaoombana mambo, si mazoezi ya kitabuni.

## Hatua ya 10: Pima tena

Wiki ya nne ikiisha, toa sentensi zilezile kumi, bila kumtahadharisha. Linganisha na karatasi uliyoitunza. Unatafuta mambo mawili: mistari isizidi miwili, na nyota zipungue angalau kwa nusu. Mwenye tiki tano na nyota tano bado anakwepa, hata kama hana kosa. Arudi kwenye kaunta buku wiki mbili zaidi.

Namba 7 ikiwa imegeuka kuwa “He got a teacher” ilhali mwanzoni aliandika “became”, usishtuke. Amelipenda neno jipya kupita mipaka. Kipindi kimoja cha kuinua njano na buluu kinamrudisha. Namba 10 ikigoma, mtume kwa kinyozi kweli, akirudi akusimulie.

Akishapita, anza “take”. Hilo nalo 拿 ná haimtoshi, na kwa basi atakuletea 坐 zuò, kukaa, aseme “sit a bus”. Kadi usizitupe: zigeuze, andika upande wa pili.